Wa kwanza nyonga zilimmaliza. Nataka German Shepherd mwingine, safari hii nimuulize nini muuzaji?

Mzee wa Goba

Wakuu salaam.

2021 nilinunua dume la German Shepherd la wiki saba kwa laki tisa. Nikapewa kadi ya chanjo na karatasi ya ukoo yenye vizazi vitatu, majina ya Kijerumani marefu mpaka kuyasoma ni kazi. Mama nilimwona kwa macho, baba nilionyeshwa kwenye simu. Nikamwita Komando.

Alipofika miezi saba nikaona akikimbia miguu ya nyuma inaruka yote miwili kwa pamoja, kama sungura. Watoto wakawa wanamcheka na mimi nikicheka nao. Miezi kumi, akifika kwenye zile ngazi tatu za kibarazani anakaa kitako, anaziangalia, halafu anazunguka nyumba nzima apitie mlango wa jikoni. Asubuhi ukimwita anatanguliza miguu ya mbele, nyuma inafuata kwa awamu. Mmoja akaniambia ni baridi ya sakafu, mwingine akasema minyoo. Dawa ya minyoo nilimpa mara tatu.

Mwaka na nusu ndipo akapigwa eksirei. Daktari akaibandika picha kwenye taa, akaweka kidole: "Hiki ni kichwa cha fupa la paja. Kinatakiwa kikae kama mpira ndani ya kikombe. Huyu wako kikombe kimekuwa sahani."

Hakufika miaka minne. Mwishoni alikuwa hainuki hata kwenda haja, tukakubaliana achomwe sindano apumzike. Mwanangu wa darasa la pili hakuongea na mimi siku mbili.

Sasa mama watoto anataka mbwa, maana wezi wa huku hawajahama. Nimempata jamaa ana vijibwa wa wiki tano, anataka milioni moja na laki mbili. Nikamuuliza nyonga za wazazi zimepimwa? Akanijibu: "Mzee, mama yao anaruka ukuta wa kozi tisa, unataka kipimo gani tena?"

Hivi naomba kitu cha maana au naonekana msumbufu? Wenye uzoefu shusheni nondo.

Kipanga Mweusi

Pole mkuu, ila haya ni mambo ya wazungu. Kuna wilaya binadamu anasubiri eksirei wiki mbili, wewe unampigia mbwa? Chukua koko wa Kiswahili, anakula ukoko, anabweka hata upepo. Sijawahi kuona koko ana nyonga mbovu.

Bonge la Sinza

Kipanga, koko wako hujamwona kwa sababu akianza kuchechemea anapotea, hamna anayemtafuta.

Dokta Malisho

Mleta uzi, pole. Mimi ni daktari wa mifugo, zaidi nipo na ng'ombe, ila mbwa wa nyonga nimewaona wa kutosha.

Jibu fupi: unaomba kitu cha maana sana, na hilo la kuruka ukuta si jibu. Mbwa mwenye umri wa miaka miwili, mwepesi, misuli imejaa, anaweza kuruka ukuta huku nyonga zake zimelegea. Misuli inaficha. Nimewahi kuona picha mbaya kabisa ya jike ambaye mwenyewe alikuwa anamsifia kwa mbio. Jicho halioni nyonga.

Jibu refu. Kijibwa hazaliwi na nyonga mbovu. Anazaliwa na kichwa na kikombe vizuri tu, ila ana kile cha kurithi kinachofanya kiungo kilegee anapokua. Kikilegea, kichwa kinacheza ndani ya kikombe ambacho bado ni laini, kinakisugua na kukisukuma ukingoni. Kikombe kinakomaa kikiwa na kina kifupi, kichwa nacho kinapoteza uviringo, halafu baridi yabisi inaingia. Ndiyo hiyo "sahani" aliyokuonyesha mwenzangu.

Maana yake: kijibwa wa wiki nane hata ukimpiga eksirei hupati kitu. Kipimo cha mapema kabisa kinachoaminika ni kile cha PennHIP kilichotoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nacho kinaanzia wiki 16. Kinapima kiungo kinavutika kiasi gani, kuanzia 0 mpaka 1, na 0.30 kushuka chini ndiyo salama. Sasa nani anauza mbwa wa wiki 16? Watu wanataka kabebeka. Kwa hiyo mnunuzi wa kijibwa hana pengine pa kuangalia isipokuwa wazazi. Humpimi yeye, unawapima walioleta mbegu.

Na mzazi hapimwi kwa kuangaliwa anavyotembea. Analazwa kwa dawa ya usingizi, chali, miguu ya nyuma inavutwa ikanyooka sambamba, magoti yanazungushwa kidogo kuingia ndani. Akilala upande hata kidogo picha inadanganya. Nyonga nzuri, angalau nusu ya kichwa iko ndani ya kikombe na nafasi kati yao ni nyembamba, imelingana.

Kipanga, umezungumzia wazungu. Aliyeuandika ugonjwa huu kwa mbwa mara ya kwanza ni daktari wa Boston aitwaye Schnelle, 1935. Hilo kweli. Ila mbwa tunaowanunua kwa milioni ndio haohao wa kwao, na mifupa yao haikubadilika walipovuka bahari.

Mchaga wa Stuttgart

Dada yenu nipo Ujerumani mwaka wa tisa, mume wangu ni mtu wa hawa mbwa, Jumamosi zetu zinaishia uwanjani kwenye klabu. Mzee wa Goba, ile karatasi ya Komando bado unayo? Angalia chini au pembeni ya majina kama kuna herufi HD, kifupi cha jina la Kijerumani la huu ugonjwa wa nyonga, kisha neno. "Normal", "fast normal" au "noch zugelassen". Hizo ndizo nyonga.

Huku chama cha German Shepherd, SV, kiliweka utaratibu huo tangu miaka ya 1960. Mbwa akishapita mwaka anapigwa picha, namba yake ya chipu iliyo chini ya ngozi inasomwa palepale, na picha haisomwi na daktari aliyeipiga, inatumwa kwa msomaji wa chama. Neno la kwanza ni nzuri, la pili ni karibu na nzuri, la tatu bado anaruhusiwa kuzalisha. Akipata chini ya hapo haruhusiwi, hata awe ameshinda mashindano gani. Viwiko vya mbele wanavipima pia.

Kuna na namba inaitwa thamani ya uzazi, 100 ndiyo wastani, chini ya 100 ni afadhali. Hiyo haimhesabu mbwa mwenyewe tu, inachota na matokeo ya ndugu, watoto, wajomba, wote. Mume wangu haangalii hata picha ya sura kabla hajaiona hiyo namba.

Mzee wa Goba

Dada umeniamsha. Nimeitoa karatasi kwenye faili la hati ya kiwanja, huko ndiko nilikoiheshimu kuiweka.

Kizazi cha tatu, wale waliozaliwa Ujerumani, HD ipo. Wawili "normal", mmoja "fast normal". Kizazi cha pili, waliozaliwa huku Afrika Mashariki: patupu. Baba na mama wa Komando: patupu.

Yaani nililipia babu na bibi wa wazazi wake.

Bonge la Sinza

"Nililipia babu na bibi" nimecheka halafu nikaona siyo ya kucheka.

Njoro wa Kitengela

Habari zenu ndugu. Mimi niko upande wa Kenya, nazalisha Rottweiler, si wengi, uzao mmoja kwa mwaka, wakati mwingine hakuna. Acha niongee kama muuzaji kwa sababu hapa muuzaji anapigwa tu.

Karatasi ya usajili ya klabu inasema huyu ni mtoto wa nani. Basi. Haisemi ako na afya. Wateja wengi wanachanganya hapo, na wauzaji wengi wanawaacha wachanganye. Na hapo Nairobi kuna wale wa kuuza kando ya barabara, hao hata mama hawamjui.

Sasa sikieni hesabu yangu. 2019 nilinunua jike mzuri sana kutoka Afrika Kusini. Nikamlea miezi ishirini, chakula, chanjo, mafunzo. Nikampeleka picha kabla ya kumpandisha. Nyonga ya kushoto mbaya. Kwa madaraja ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, yale ya A (safi) mpaka E (mbaya kabisa), aliangukia D. Nikamfunga uzazi. Hiyo ni karibu miaka miwili na pesa yote, bila kijibwa hata mmoja wa kuuza. Jirani yangu akaniambia nina wazimu, si ungemzalisha tu kwanza urudishe pesa yako? Na angerudisha kweli, hakuna mteja angeniuliza.

Hapo ndipo shida iko. Mwenye anapima anauza ghali kwa sababu anabeba wale waliofeli. Mwenye hapimi anauza nusu bei, na mteja anaona wote ni Rottweiler. Mzee wa Goba, wewe ukiuliza hilo swali unanisaidia mimi. Uliza kila mtu. Mtu akikuonyesha picha, hakikisha jina au namba ya chipu na tarehe ziko ndani ya hiyo picha, zisiwe zimeandikwa na kalamu pembeni. Nimeona picha moja ya nyonga nzuri ikizunguka kwa mbwa watatu.

Kipanga Mweusi

Dokta na wenzako nijibuni hili, maana nimeenda kusoma kidogo. Wazazi wote wawili nyonga safi na bado kijibwa anaweza kutoka mbovu. Ni kweli au si kweli? Kama ni kweli, mzee wa watu anatoa hela ya ziada ya nini?

Dokta Malisho

Ni kweli, na ni swali zuri kuliko ulivyokusudia.

Ugonjwa huu haubebwi na jeni moja ya kurithi, zinachangia nyingi, kila moja kidogo. Mbwa anaweza kuwa na nyonga nzuri yeye mwenyewe na bado akapitisha sehemu ya mzigo. Ndiyo maana dada wa Stuttgart kasema wanaangalia mpaka ndugu na wajomba. Lakini kupungua kwa hatari siyo kitu kidogo. Chandarua nacho hakizuii kila mbu.

Waingereza wao wanatumia alama. Kila nyonga inapewa 0 mpaka 53, jumla 106, sifuri ndiyo bora, na mpimwaji awe amefikisha mwaka. Hawasemi amefaulu au amefeli, wanakuambia linganisha na alama ya katikati ya aina yake, uzalishe na walio chini yake. Wamarekani wa OFA, taasisi yao ya kupima mifupa ya wanyama iliyoanza 1966, hawatoi daraja la mwisho mpaka mbwa afikishe miezi 24, na picha moja inasomwa na wasomaji watatu kila mmoja kivyake. Matokeo mengi unayatafuta mwenyewe kwenye tovuti yao kwa jina la mbwa. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "baba yao kaletwa kutoka Marekani", kabla hujashangaa mwombe jina kamili la huyo baba.

Nusu nyingine ya habari ni malezi, na hii Kipanga utaipenda maana haina gharama. Kuna mbwa 48 aina ya Labrador walifuatiliwa Marekani maisha yao yote, wawili wawili wa tumbo moja. Mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo ya mwenzake. Wale wembamba walikuwa na nyonga bora kwa mbali, na waliishi miaka 13 dhidi ya 11.2 ya wenzao. Damu ileile, bakuli tofauti.

Bint Ngamiani

Shikamoo Dokta. Mimi tayari nimeshanunua, dume, ana miezi minne, wazazi hawakupimwa, ndo nimeusoma uzi huu nikakosa usingizi. Nampa dona na dagaa, vichwa vya kuku, maziwa, na kwenye duka la vyakula vya mifugo waliniambia nimchanganyie DCP, ule unga wa kalsiamu na fosforasi, na unga wa mifupa ili miguu isipinde. Amejaa huyo, mpaka shingo haionekani. Nyumba yetu ni vigae vitupu.

Dokta Malisho

Marahaba bint. Usikose usingizi, ila hiyo DCP iache leo hii. Kijibwa wa aina kubwa hawezi kukataa kalsiamu iliyozidi, utumbo wake unaibeba tu, na ikizidi ndiyo inavuruga mifupa. DCP ni ya kuku na ng'ombe. Vichwa vya kuku na dagaa wazima vina mifupa yake tayari.

Pili, mpunguze. Ukipitisha kiganja ubavuni uzihesabu mbavu bila kubonyeza. "Amejaa" kwa mbwa wa miezi minne siyo sifa.

Tatu, vigae. Tandika mikeka anapopita na anapoinuka. Ngazi mbebe au mzibie. Wanorwe walichapisha utafiti 2012, waliwafuata mbwa wa aina kubwa, Newfoundland, Labrador, Leonberger na Irish Wolfhound: waliopanda ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu hatari iliongezeka, na waliokuwa wanaachiwa kukimbia kwenye ardhi laini isiyo tambarare hatari ilipungua. Wewe uko Tanga, mchanga wa ufukweni unao bure, mwache acheze mwenyewe kwa kasi yake. Usimkimbize na pikipiki.

Ukiweza mpeleke kwa daktari wa wanyama wadogo amshike nyonga akiwa kwenye usingizi. Kuna namna tunalisukuma paja kwa mkono, kiungo kikilegea kinachomoka na kurudi kwa mshtuko, unauhisi kidoleni.

Mtaalamu wa Mbagala

Wa kwangu alikuwa hivyohivyo nikawa namvunjia nusu ya diklofenaki kila jioni, akawa freshi.

Dokta Malisho

Ndugu yangu acha mara moja. Diklofenaki na ibuprofeni za watu zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Zipo za kwake. Wengine tafadhali msinakili hii.

Mzee wa Goba

Mrejesho. Nimeenda kwa jamaa Jumapili. Tofauti na nilivyodhani si mtu mbaya, ni kijana mstaarabu, banda safi, vijibwa wamenenepa wanapanda viatuni. Mmoja kaninyofoa kamba ya kiatu, karibu nitoe hela palepale. Nikasema no, nikakaa kwenye ndoo.

Nikamwambia kisa cha Komando. Akanyamaza. Akasema hajawahi kuombwa kitu hicho na mteja yeyote, mimi wa kwanza, na hajakataa, hajui tu aanzie wapi. Nikampa ofa: jike lake lipigwe picha, gharama nusu yangu nusu yake. Akakubali. Sasa Dokta, tumpeleke wiki hii?

Dokta Malisho

Hapana, subirini. Jike anayenyonyesha viungo vyake vinalegezwa na homoni, unaweza kumhukumu bure. Waachishe vijibwa, kisha hesabu kama mwezi mmoja. Na akiwa kwenye joto usimpige pia. Dume halina shida hiyo, likapigwe hata kesho.

Mzee wa Goba

Vijibwa watakuwa wameshaisha kufikia hapo. Basi waishe. Dume ni la mtu mwingine, analipwa kwa kupandisha. Nimepewa namba yake.

Mzee wa Goba

Mwenye dume kajibu. Nanukuu: "Kaka, dume langu limepandisha majike kumi na moja. Sasa tukipiga picha ikatoka mbaya, hao kumi na moja nitawaambia nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Nimeisoma mara tano hiyo meseji.

Njoro wa Kitengela

Huyo amekujibu tayari, mzee.

Mzee wa Goba

Wakuu, nimepotea miezi mitatu, naomba radhi.

Jike tulimpeleka Morogoro, hospitali ya wanyama ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tumetoka Dar saa kumi alfajiri naye kwenye siti ya nyuma ya gari ya shemeji yangu, katapika Chalinze. Kalazwa, kapigwa, kaamka analewalewa. Picha nimemtumia Dokta pembeni, naomba aseme mwenyewe.

Dokta Malisho

Nimeiona. Kalazwa vizuri, mapaja sambamba. Kulia kichwa kimezama zaidi ya nusu, ukingo umechongoka safi. Kushoto kidogo chini ya hapo, lakini hakuna dalili ya baridi yabisi. Mimi si msomaji rasmi, ukitaka daraja la kuandikwa kwenye karatasi picha inatumwa OFA kwa mtandao, na afadhali mbwa awe na chipu. Kwa jicho langu ni jike la kuzalisha, ila atafutiwe dume lenye nyonga bora kuliko zake, siyo lolote lililo karibu.

Mzee wa Goba

Nikamwonyesha yule kijana kwenye simu, nikamwekea kidole kama nilivyowekewa mimi. Kikombe hiki, mpira huu. Akaniuliza, "Kwa hiyo Komando alikuwaje?" Picha ya Komando ninayo pia, nikamwonyesha. Hakusema kitu.

Amesema lile dume harudi kwake. Kuna mtu Arusha ana dume lililoletwa na karatasi za HD, ghali kidogo, wanaongea. Joto la jike linategemewa mwezi wa tisa. Kijibwa wa kwanza kuchagua ni wangu, nimeshalipa laki mbili ya kushikia.

Bint Ngamiani

Na wezi mpaka mwezi wa tisa, babaangu?

Mzee wa Goba

Pale getini kuna kibao cha MBWA MKALI tangu enzi za Komando. Nilitaka kukishusha, mama watoto akanizuia. Kasema kiache, mwizi hajui.